Vlasta Burian: Kipa Aliyegeuka Mfalme wa Vichekesho, Kisha Skiti Moja ya Redio Ikamwangusha

Hebu jiweke kwa viatu vya huyu jamaa. Umekuwa stejini zaidi ya miaka 20. Una thieta yako mwenyewe, jina lako limeandikwa mlangoni. Ukipita mtaani watu wanaanza kucheka hata kabla ufungue mdomo. Halafu siku moja unaitwa studio ya redio, unawekewa karatasi mbele ya maikrofoni, unasoma, unarudi kejani. Miaka mitatu na nusu baadaye, hiyo karatasi moja inakupokonya nyumba, thieta, doo na jina.

Hiyo ndiyo stori ya Vlasta Burian, mwigizaji wa Czech ambaye watu wa kwao walimbandika jina la Mfalme wa Vichekesho. Pengine hujawahi kumsikia, na si makosa yako. Filamu zake nyingi ziko kwa Kicheki, na yeye mwenyewe aliaga mwaka wa 1962. Lakini ukienda Prague leo utapata watoto ambao nyanya zao hawakuwa wamezaliwa wakati wa enzi yake, na bado wanacheka wakimwona kwa TV. Msee aliyefutwa na serikali yake akarudishwa na watu wake. Kaa kitako.

Mtoto wa fundi wa nguo

Vlasta, ambaye jina lake kamili ni Josef Vlastimil Burian, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1891 kwa mji wa Liberec, kaskazini mwa nchi tunayoiita Czech sasa. Wakati huo hakukuwa na nchi kama hiyo. Sehemu zote hizo zilikuwa chini ya milki ya Austria-Hungary, na mfalme alikuwa amekaa Vienna. Mzae wake alikuwa fundi wa kushona nguo.

Liberec ilikuwa mji ambao wakazi wengi walibonga Kijerumani. Kwa hivyo huyu mtoto wa Kicheki alikua akisikia lugha mbili mtaani. Shika hiyo point, kwa sababu Kijerumani kilikuja kumtengenezea pesa, na baadaye Wajerumani wenyewe wakaja kumletea ngori.

Akiwa bado mdogo familia ilihamia Prague, wakatua Žižkov. Žižkov ya siku hizo ilikuwa mtaa wa mahasla: mafundi, wafanyakazi wa viwanda, baa kila kona, na mdomo mwingi. Ukitaka kujifunza kuchekesha watu, hapo ndipo shule. Kijana alikuwa na masikio makali. Akisikia mtu akiongea mara moja, anamwigiza. Akisikia tarumbeta, anaitoa kwa mdomo. Mnyama, mashine, ofisa wa jeshi anayefokea makuruti, vyote vilitoka koo moja.

Kabla ya steji, golini

Na hapa ndipo mashabiki wa kandanda watampenda. Kabla ajulikane kama mchekeshaji, Burian alikuwa kipa, na si kipa wa timu ya mtaani tu. Alidaka Sparta Prague, klabu ambayo mpaka leo ni kati ya kubwa zaidi nchini humo. Alipenda pia baiskeli na tenisi, na hata alipokuwa tajiri mwenye kitambi kidogo bado alikuwa mtu wa mazoezi.

Ukitazama filamu zake utaona kwamba hakuacha ukipa kabisa. Anaanguka kama mtu anayejua kuanguka. Anaruka meza, anateleza kwa ngazi, anajikunja kupita dirishani, na mwili unatii. Wachekeshaji wengi wanategemea mdomo peke yake. Huyu alikuwa na mdomo na bado alikuwa na miguu.

Steji ilianza kumvuta taratibu. Kwanza yalikuwa maonyesho madogo, kisha akaingia kwa kabare za Prague. Kabare ilikuwa ukumbi mdogo wenye meza na vinywaji, msanii anaimba, anapiga stori, anawachokoza walio mbele. Huko hakuna pa kujificha. Usipochekesha ndani ya dakika moja, watu wanarudia bia zao. Alipitia kabare kama Rokoko na Červená sedma, na pia alifanya kazi na Emil Artur Longen, mwandishi na mwigizaji mwenye vurugu zake, ambaye alitunga vitu vilivyomkaa Burian kama suti ya kushonewa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja vikaenda. Mwaka wa 1918 milki ya Austria-Hungary ikasambaratika, Czechoslovakia ikazaliwa. Nchi mpya, watu wana njaa ya kucheka. Mwaka uliofuata Burian akamwoa Nina Červenková. Hawa wawili walikaa pamoja kwa raha na kwa shida mpaka mwisho, na utaona baadaye kwamba shida zilikuwa nyingi kuliko walivyotarajia.

Thieta yenye jina lake

Mwaka wa 1925 jamaa alichoka kuwa mfanyakazi wa wengine. Akafungua thieta yake mwenyewe mjini Prague, akaibandika jina lake: Thieta ya Vlasta Burian. Mwaka wa 1930 ikahamia barabara ya Lazarská, na huko ikakaa mpaka wakati wa vita.

Watu waliofanya kazi naye walikuwa na shida moja: huwezi jua atasema nini. Skripti ilikuwa ya kuanzia tu. Akishaona watu wamewaka, anaiacha, anaanza kubuni papo hapo, na wenzake wanabaki kupambana wasicheke mbele ya watu. Ndiyo maana alihitaji mtu wa kumkalia kando na uso mkavu. Mmoja wao alikuwa Jaroslav Marvan, ambaye alikuwa mfanyakazi wa posta kabla ya kuwa mwigizaji kamili. Marvan alicheza bosi, mkuu, ofisa anayechukia utani. Burian anazunguka kama nyuki, Marvan anasimama kama ukuta. Hiyo pea ilibamba miaka na mikaka, na baadaye Marvan mwenyewe akawa staa mkubwa.

Filamu zilikuwepo tayari, lakini zilikuwa bubu. Burian alijaribu chache, ikiwemo Lásky Kačenky Strnadové ya mwaka 1926. Zilikuwa sawa, lakini fikiria mtu ambaye silaha yake ni sauti, halafu unamweka kwa filamu isiyo na sauti. Ni kama kumfunga kipa mikono.

Kisha sauti ikaingia sinema, na hapo ndipo jamaa akaomoka.

Miaka ya dhahabu

Mwaka wa 1930 ilitoka filamu C. a k. polní maršál, yaani jemadari mkuu wa jeshi la kifalme. Director alikuwa Karel Lamač. Stori ni ya kapteni mstaafu ambaye anavaa sare ya jemadari, na kambi nzima inamwamini, inampigia saluti na kumtetemekea. Halafu jemadari mwenyewe anatokea.

Kwa nini watu walikufa kicheko? Kwa sababu ile milki ilikuwa imeanguka miaka 12 tu iliyopita. Wanaume wengi waliokaa kwenye ukumbi walikuwa wamevaa zile sare, wamefokewa na maofisa wa aina hiyo, wamepelekwa kwenye mitaro kupigania mfalme asiyewahusu. Sasa wanaona sare ileile imevaliwa na mtu wa Žižkov, na ofisi nzima ya wakubwa haiwezi kutofautisha. Ilikuwa ni kulipiza kisasi bila kumwaga damu.

Na hapa kile Kijerumani cha utotoni kikaanza kulipa. Enzi hizo hakukuwa na mtindo wa kuweka sauti nyingine juu ya filamu vile tunajua sasa. Studio zilirekodi filamu moja mara mbili au tatu, kila mara kwa lugha tofauti. Waigizaji wengi walibadilishwa. Burian hakubadilishwa kwa ile ya Kijerumani. Alicheza mwenyewe, kwa Kijerumani safi, na soko lake likavuka mpaka.

Baada ya hapo zikawa zinatoka moja baada ya nyingine. To neznáte Hadimršku mwaka wa 1931. Anton Špelec, ostrostřelec mwaka wa 1932, ambapo anacheza mtu anayetamani medali kiasi cha kukosa usingizi, na akihukumiwa kifungo anatuma mtu mwingine akakae jela kwa niaba yake. Yule mtu anafia huko ndani, na ghafla Špelec kwa karatasi za serikali ni marehemu, ilhali bado anapumua. Mwaka wa 1933 alicheza Revizor, ile stori ya Gogol ya mtu anayedhaniwa kuwa mkaguzi wa serikali, na pia Dvanáct křesel, filamu iliyofanywa na Wacheki na Wapoland pamoja, akiwa na mchekeshaji wa Poland Adolf Dymsza.

Lakini kama una nafasi ya kutazama moja tu, tafuta Lelíček ve službách Sherlocka Holmese ya mwaka 1932. Mfalme mmoja anaogopa kuuawa. Sherlock Holmes anapewa kazi ya kutafuta mtu anayefanana naye ili akae kwa kiti badala yake. Anampata Prague: Lelíček, msee wa madeni na starehe. Burian anacheza wote wawili, mfalme mwenye huzuni na huyu mlevi wa maisha, na Holmes anachezwa na Martin Frič, ambaye mwenyewe alikuwa director aliyemwongoza Burian kwa filamu zingine nyingi. Inachekesha, lakini ukikaa nayo unaona kitu. Yule mfalme anachekwa na kuogopwa, na hana hata mtu mmoja wa kuongea naye.

Ukihesabu filamu zake zote zinapita 30. Alikuwa kati ya waigizaji waliolipwa vizuri zaidi nchini. Akajenga jumba la nguvu pande za Dejvice, Prague, likiwa na uwanja wa tenisi. Mtoto wa fundi wa nguo alikuwa ametoboa kabisa.

Wajerumani wanaingia

Tarehe 15 Machi 1939 jeshi la Hitler liliingia Prague. Nchi ikapewa jina jipya, ikawa eneo la ulinzi la Ujerumani, na uhuru ukaisha.

Wasanii walikuwa na njia tatu, na hakuna iliyokuwa rahisi. Ya kwanza ni kutoroka. Jiří Voskovec na Jan Werich, wale wawili waliokuwa wakiwachamba Wanazi stejini bila kuficha, waliondoka mapema mwaka huo wakaenda Marekani. Hugo Haas, staa mwingine mkubwa mwenye asili ya Kiyahudi, naye alitoroka. Ya pili ni kukataa na kukaa. Ya tatu ni kuendelea na kazi na kuomba Mungu usiguswe.

Burian alibaki. Alikuwa na thieta, alikuwa na wafanyakazi, na lugha yake ya kuchekesha ilikuwa ya pale pale. Akaendelea. U pokladny stál ilitoka mwaka wa 1939, Katakomby mwaka wa 1940, na mwaka wa 1941 ikatoka Přednosta stanice, ambayo mpaka sasa ni kati ya zinazopendwa zaidi. Humo anacheza jamaa asiye na kazi anayependa treni kupita kiasi. Anadandia bila tiketi, anakimbizwa, na kwa mkanganyiko mmoja anajikuta yeye ndiye anasimamia stesheni. Kwa watu waliokuwa wakiamka kila siku na bendera ya wengine juu ya mji wao, saa moja na nusu ya kumsikia Burian akibonga Kicheki chao ilikuwa kama dawa.

Lakini ilikuwa dawa ambayo Wajerumani waliruhusu. Hilo swali lilikuja kuulizwa baadaye.

Mwezi wa Desemba

Septemba 1941 mambo yalibadilika kuwa mabaya zaidi. Berlin ilimtuma Reinhard Heydrich kuongoza Prague. Alitangaza sheria ya hatari, na ndani ya miezi michache mamia ya Wacheki wakanyongwa au kupigwa risasi. Kusikiliza redio ya London kungeweza kukutoa uhai.

Mwezi huohuo wa Septemba, Karel Hašler, mwigizaji na mtunzi wa nyimbo ambazo Prague nzima iliziimba, alikamatwa na Gestapo akiwa kazini kwenye filamu. Makosa yake yalikuwa nyimbo za kuipenda nchi. Alipelekwa kambi ya Mauthausen, huko Austria, na tarehe 22 Desemba 1941 akafa huko.

Weka hiyo tarehe kichwani, kwa sababu ni Desemba hiyohiyo ambapo Burian aliingia studio ya redio.

Redio ya Prague, chini ya Wajerumani, ilikuwa na msururu wa skiti za kisiasa. Kazi yake ilikuwa kuwachafulia jina viongozi wa Czechoslovakia waliokimbilia London. Mlengwa mkubwa mmoja alikuwa Jan Masaryk, mtoto wa rais wa kwanza wa nchi, ambaye alikuwa akiongea na Wacheki kupitia redio ya London, na watu walikuwa wakihatarisha maisha kumsikiliza chini ya blanketi. Skiti iliitwa Hvězdy nad Baltimore, yaani nyota juu ya Baltimore. Ilimwonyesha Masaryk kama mlevi, mtu wa hovyo. Na aliyepewa nafasi ya Masaryk alikuwa msee mwenye sauti iliyojulikana kuliko zote nchini.

Burian alicheza. Mara moja tu. Hakurudi kwa hiyo kazi tena.

Je, alilazimishwa? Upande wake ulisema alisukumwa, na kwamba kukataa msimu ule kulikuwa na bei. Ukiangalia kilichompata Hašler, huwezi kusema ni stori ya kubuni. Upande wa pili ulisema kuna waliokataa wakaishi, na kwamba mtu mwenye jina kubwa alikuwa na nafasi ya kukwepa kuliko mwigizaji mdogo. Na kuna jambo la tatu ambalo ni gumu kulikwepa: skiti hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikuwa ni yeye. Mtu mwingine angeisoma, ingepita kama upepo. Kipaji kilichomfanya apendwe ndicho kilichofanya hiyo karatasi iume.

Vita viliendelea. Septemba 1944 Wajerumani walifunga thieta zote, na pazia la Lazarská likashuka. Burian hakujua kwamba alikuwa amefunga duka lake milele.

Mei 1945

Mei 1945 Prague iliinuka, Wajerumani wakafurushwa, watu wakacheza barabarani. Lakini furaha ilikuwa na hasira ndani yake. Miaka sita ya kuuawa na kudharauliwa ilikuwa inatafuta wa kulipa. Jan Sviták, yule director aliyeongoza Přednosta stanice, alivamiwa na umati mjini Prague siku zilezile, na akauawa kwa risasi. Hakuna kesi, hakuna hakimu.

Burian alikamatwa. Aliyekuwa akijaza kumbi sasa amekaa jela akisubiri kuulizwa maswali. Jumba la Dejvice likachukuliwa na serikali, pamoja na kila kitu ndani. Thieta ikaenda. Aliachiliwa, lakini kesi haikuisha. Ilifufuliwa tena, na mwaka wa 1947 akapatikana na hatia ya kuvunja heshima ya taifa. Adhabu: miezi mitatu ya kifungo na faini ya koruna 500,000. Na juu ya hayo, hakuna kuigiza.

Alikuwa amepita miaka 50. Hakujua kazi nyingine. Msee aliyekuwa akipigiwa saluti kwa filamu akaanza kufanya kazi za mikono ili apate chakula, yeye na Nina wake. Waliokuwa wakimwita rafiki walipungua haraka, vile huwa.

Na si kwamba nchi ilikuwa inatulia. Februari 1948 wakomunisti walichukua madaraka yote. Serikali mpya haikuwa na hamu ya kumsamehe tajiri wa zamani mwenye jumba na uwanja wa tenisi. Wakati huo huo, watu walioshiriki mambo mazito zaidi na Wajerumani walikuwa wamejipanga upande mpya na maisha yao yakaendelea. Burian alikuwa rahisi kumwadhibu kwa sababu kila mtu alimjua.

Mfalme anakuwa mtumishi

Mwaka wa 1950 mlango ulifunguliwa kidogo. Aliruhusiwa kurudi, na akapata nafasi kwa filamu Slepice a kostelník. Ilikuwa komedi ya kijijini yenye mafunzo ya ushirika wa wakulima, si aina ya vitu alivyozoea. Haikuwa jemadari, haikuwa Lelíček. Lakini alikuwa mbele ya kamera tena.

Halafu ikaja filamu ambayo kwangu ndiyo inabeba stori yote. Iliingia kumbini mwaka wa 1955 na inaitwa Byl jednou jeden král, yaani hapo zamani kulikuwa na mfalme. Ni hadithi ya kale: mfalme anawauliza binti zake watatu wanampenda kiasi gani, mdogo anasema anampenda kama chumvi, mfalme anakasirika, anamfukuza, halafu chumvi inapotea nchi nzima na ndipo anajua thamani yake.

Mfalme alichezwa na Jan Werich. Ndiyo, yuleyule aliyetorokea Marekani, akakaa huko wakati wa vita na sauti yake ikawa inatoka kwa redio dhidi ya Hitler. Na mtumishi wa ikulu, yule wa kupanga sherehe na kuinama kila dakika, alichezwa na Vlasta Burian. Jina la mhusika wake lilikuwa Atakdále. Kwa Kiswahili hilo ni Na Kadhalika.

Cheki hapo. Mmoja aliongea redioni upande mmoja wa vita, mwingine alisoma karatasi redioni upande mwingine. Miaka kumi baada ya vita wako kwenye chumba kimoja, mmoja na taji, mwingine na mgongo uliopinda, jina lake Na Kadhalika. Mtu angeweza kuiona kama aibu. Lakini ukiitazama, Burian hachezi kama mtu aliyeaibishwa. Anampa Werich mpira, Werich anaurudisha, na wazee wawili wanachekesha kama watoto. Watoto wa Czech bado wanaitazama hiyo filamu mpaka leo, wengi bila kujua chochote kuhusu redio, Desemba wala karatasi.

Mwisho wa safari

Hakurudishiwa jumba. Hakurudishiwa thieta. Miaka yake ya mwisho alizunguka nchini na vipindi vya jukwaani, mji baada ya mji, kumbi ndogo za kila aina. Lakini tiketi ziliisha. Watu walikuwa wakija kumwona yule wa zamani, na yeye, akiwa mzee mwenye afya inayoyumba, aliwapa. Hakuwa na pensheni ya kustarehe nayo, na pengine hata angekuwa nayo asingekaa nyumbani.

Januari 1962 bado alikuwa kazini. Tarehe 31 ya mwezi huo akaaga dunia mjini Prague, akiwa na miaka 70. Nina, aliyesimama naye jumbani na jela, hakumaliza mwaka bila yeye. Alimfuata mwaka uleule.

Ukomunisti ulianguka mwaka wa 1989. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1994, jina la Vlasta Burian lilisafishwa rasmi. Alikuwa amekaa kaburini zaidi ya miaka 30. Leo amelala kwenye makaburi ya Vyšehrad, juu ya mto Vltava, mahali ambapo Czech huwaweka watu wake wakubwa, karibu na watunzi wa muziki kama Smetana na Dvořák.

Sasa, ukitaka kumhukumu, una haki. Ile skiti ilikuwepo, na aliyetukanwa alikuwa mtu aliyewapa watu matumaini wakati mbaya zaidi wa maisha yao. Kuna familia ambazo mtu wao alinyongwa Desemba ileile, na hakuna kichekesho kinachoweza kufuta hilo. Lakini adhabu aliyopewa haikuwa ya kupimwa kwa mizani. Kosa moja lililofanywa kwa woga lilitozwa bei ya maisha mazima, na walioitoza wengine walikuwa na mikono michafu kuliko yake.

Kitu kimoja watu wa kawaida walikiona kabla ya mahakama. Walimjua tangu zile kabare zenye bia mezani. Walijua alichowapa, na walijua alichowakosea, na wakaweka vyote viwili kwa mizani moja. Ndiyo maana tiketi ziliendelea kuisha hata pale serikali ilipokuwa bado inamwangalia kwa jicho baya.

Na wewe msomaji, ukiwekewa ile karatasi mbele ya maikrofoni, Gestapo wako mlangoni na mwenzako wa kazi yuko Mauthausen, ungesoma ama ungekataa? Usijibu haraka.